Hewa ya Mpaka Rangi

Pampu ilizima tena saa mbili na dakika kumi asubuhi, chai ya Mlinzi ikiwa bado haijapoa. Ilinguruma, ikakwaruza, ikatoa mlio wa kitu kinachosagwa, kisha kimya. Ndani ya chumba cha rangi, mpaka rangi alitundika bunduki yake ya kupulizia, akakimbilia mlangoni huku ameishika kofia yake kwa mikono miwili. Kofia ile ya kioo na kitambaa humfunika mtu mpaka mabegani, na hewa yake yote huja kwa mpira mrefu kutoka kwenye pampu iliyoko nje. Pampu ikifa, aliyemo humo hubakiwa na pumzi za kuhesabu.

"Dada!" alifoka akiivua. "Kitu hiki kitaniua kabla rangi yenyewe haijaniua!"

Dada yake alikuwa ameshapiga magoti mbele ya pampu, bisibisi mkononi, na maneno yaliyokuwa yakimtoka hayafai kuandikwa. Karakana nzima ilimwita Dada Mota, hata waliomzidi umri, kwa sababu kazi yake ilikuwa kusuka upya mota zilizoungua, na hakuna mota iliyowahi kumtoa jasho. Hakuna, isipokuwa hii isiyozidi ukubwa wa ndoo ya maji, ambayo kwa wiki nane ilikuwa ikimfanya ajione kama mtu aliyeshika bisibisi jana.

"Safari hii umeifanya nini?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Nimepumua tu. Labda haipendi."

Alitaka kucheka, ila kicheko kikageuka kikohozi, kikamkunja mpaka akashika ukuta. Kilikuwa kikohozi kizito, chenye maji. Dada Mota aliacha bisibisi, akamtazama mpaka kikaisha, na wala hakusema pole, kwa kuwa alikuwa ameshasema pole za kutosha na hazikusaidia kitu.

Mambo yalikuwa hivi. Mdogo wake alikuwa amepaka magari rangi miaka kumi na miwili, kitambaa cha kufunga puani kikiwa ndicho kinga yake pekee, na rangi yenyewe ni ile inayochanganywa na dawa ya kukaza, ile inayong'aa kama kioo na kuingia mapafuni kama mwizi. Mwishowe kifua kikaanza kupiga miluzi. Daktari alimsikiliza mbele na nyuma, akavua miwani, akamwambia waziwazi: ukiivuta tena rangi hiyo, siku moja kifua kitafunga ukiwa humo ndani, na hutafika mlangoni. Kuacha kazi hakuweza. Alikuwa hajui nyingine, na watoto wake walikuwa watatu. Ndipo dada yake alipomkalia Bosi kooni miezi minne mizima, asubuhi na jioni, mpaka Bosi akasalimu amri na kuagiza pampu.

Siku pampu ilipofika, Dada Mota alilala na kijitabu chake kitandani. Kiliandikwa lugha ya kigeni, naye alikichambua neno kwa neno kwa kamusi ya mtoto wake. Wiki ya kwanza ilikuwa raha tupu. Baba yao, ambaye mpaka rangi aliishi naye nyumba moja, alisema kwa mara ya kwanza amesikia nyumba iko kimya alfajiri. Halafu kikohozi kikarudi, tena kibaya zaidi ya kile cha zamani, na pampu nayo ikaanza visa vyake. Bosi akapata la kusema.

Bosi mwenyewe ndiye huyu sasa aliyetokea kwenye ujia wa nyuma, mikono kiunoni.

"Imekufa tena?"

"Imezima."

"Kufa na kuzima kuna tofauti gani? Basi la shule linatakiwa Jumatatu alfajiri. Nimeshachanganya rangi ya mwisho, ndoo nzima. Unajua inachukua muda gani kabla haijaganda."

Dada Mota alisimama wima. "Umeichanganya? Kabla sijakuambia pampu iko tayari?"

"Nikikungoja wewe, basi litapakwa na wajukuu zangu. Baada ya muda wa saa mbili rangi hii imeharibika. Wapaka rangi wote wa mji huu wanafunga kitambaa na wanaishi."

"Nionyeshe mmoja mwenye miaka hamsini."

Bosi akaondoka. Mpaka rangi alifuta midomo kwa mgongo wa mkono. "Dada, rangi ikianza kuwa nzito, naingia na kitambaa. Ni basi moja tu."

"Ukiingia humo na kitambaa, mimi na wewe tumeachana undugu."

"Na nisipoingia, Jumatatu sina kazi. Nichague lipi?"

Dada Mota alichokuwa nacho ni muda wa saa mbili, bisibisi na hasira.

Akaanza upya, kama alivyoanza upya mara tano kabla ya hapo. Alipima umeme kwenye soketi. Umeme ulikuwa sawa. Alipima kwenye waya mrefu, huku pampu imewashwa. Ulishuka kidogo, si kwa kiasi cha kuitia mota homa. Hata hivyo aliung'oa waya ule akaweka mnene zaidi, ili asije akalaumiwa kwa waya. Akafungua chujio la kuingizia hewa: safi. Akapuliza mpira kwa mdomo kutoka mwisho hadi mwisho mpaka masikio yakamvuma: haukuziba. Akagusa bodi ya mota na kuondoa mkono haraka. Ilikuwa ya moto kupita kiasi, na swichi ya kujilinda ilikuwa imefanya kazi yake, ikakata. Mota haikuwa na kosa. Kuna kitu ndani kilikuwa kinaibana, nayo ilikuwa inajitahidi mpaka inazimia.

Na kitu hicho alikuwa anakijua. Alifungua skrubu sita za kifuniko cha mbele, akakivuta, na kuona alichokiona mara zote zilizopita.

Ndani ya pampu ya namna hii kuna gurudumu lenye mifereji minne, na katika kila mfereji kumekaa kibao cha kaboni, chembamba kama kipande cha biskuti. Gurudumu likizunguka, vibao hutoka na kurudi ndani ya mifereji na kuisukuma hewa. Vinatakiwa viteleze vikavu kabisa, kwa kuwa kaboni hujilainisha yenyewe. Sasa hivi viwili vilikuwa vimenata kwenye mifereji yao, cha tatu kimevunjika pembe, na kila mahali palikuwa na uji mweusi, mzito, unaong'aa. Aliuchukua kidogo kwa kidole, akaunusa. Mafuta.

"Yanatoka wapi?" aliuliza ukuta. "Yanatoka wapi, jamani?"

Mara ya kwanza alidhani ni unyevu. Mara ya pili aliilaumu kompresa kubwa ya karakana, akasema inatema mvuke wa mafuta na pampu inauvuta. Akaihamishia pampu huku ujiani, mbali na kompresa, mbali na rangi, mahali penye hewa safi. Uji ukarudi. Mara ya tatu alimpigia simu muuzaji wa vibao, akamtuhumu kwamba anauza bandia, wakavunjiana heshima vizuri. Uji ukarudi. Kilichomkera kuliko yote ni tabia yake: Jumatatu asubuhi pampu huzunguka laini, haina hili wala lile; Jumatano inaanza kukwaruza; Alhamisi, au ikichelewa sana Jumamosi, imekwama. Mashine gani ina ratiba?

Alinyanyuka, akaenda getini moja kwa moja.

"Mlinzi, niambie ukweli. Unaitia mafuta pampu yangu?"

Mlinzi aliweka kikombe chini taratibu. "Mimi?"

"Wewe ndiye unayelalamika kila siku kuwa inapiga kelele."

"Nalalamika, ndiyo. Kulalamika ni haki yangu. Lakini mimi nalinda geti, silindi pampu, na tangu uninyooshee kidole siku ile kwa kuchomeka birika langu kwenye umeme wa pampu, sijalisogelea dude lako hata kulipungia mkono. Niliambiwa haitiwi mafuta, nikasikia. Masikio ninayo mawili."

Ilikuwa kweli. Alimwambia Mlinzi. Alimwambia Bosi, alimwambia mdogo wake, aliwaambia mafundi wote wa bodi wakiwa wamepanga mstari, akiwaonyesha kibandiko cha lugha ya kigeni kinachokataza mafuta, kilichokuwa ubavuni mwa pampu. Alirudi ujiani akiwa na aibu juu ya hasira, mzigo mbaya kuubeba.

Katika kisanduku chake kulikuwa kumebaki seti moja ya vibao, ya mwisho. Aliosha gurudumu kwa spiriti, akapitisha kitambaa kwenye kila mfereji, akakausha, akaosha tena. Vidole vilimwasha. Kutoka ndani alimsikia Bosi akikoroga ndoo kwa fimbo, akikoroga kwa nguvu ili asikike. Alipachika vibao kimoja kimoja, akazungusha gurudumu kwa kidole, vikateleza kwa mlio mkavu mzuri. Akafunga kifuniko. Akawasha.

Pampu ilikaza sauti, ikatulia. Alihesabu dakika kumi kwa saa ya ukutani bila kukaa chini, akiwa ameubana mwisho wa mpira karibu na shavu lake. Hewa ilikuwa nyingi, baridi, na haikunuka kitu.

"Ingia," alimwambia mdogo wake. "Ukisikia chochote, harufu, joto, chochote, toka."

"Harufu ipi? Ile yake ya siku zote?"

"Ipi ya siku zote?"

"Ile kama ya cherehani. Nilidhani ndiyo harufu ya kofia."

Miaka kumi na miwili ya rangi ilikuwa imeiua pua ya mdogo wake, na hata hivyo alikuwa ameinusa, akanyamaza kwa kudhani ndivyo vitu vya kisasa vinavyonuka. Alitaka kumuuliza zaidi, lakini Bosi alishafika na ndoo. "Bado laini. Nusu saa, haizidi." Mpaka rangi alivaa kofia, dada yake akaufunga mpira, mlango ukafungwa.

Dada Mota alisimama kwenye kidirisha kumtazama. Bunduki ilianza kufoka, ubavu wa basi ukaanza kung'aa manjano, na kwa dakika chache alijisikia mtu. Koo lilikuwa limemkauka. Alienda bombani, akanywa maji viganjani, akanawa uso, akarudi kupitia ujia wa nyuma ili aisikilize pampu.

Baba yake alikuwa amechuchumaa mbele yake.

Alikuwa amevaa shati lake safi la Jumamosi, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko. Kila Jumamosi, tangu astaafu, Mzee hupita karakanani kusalimia, na wote wanajua kwamba salamu zake ni kuzunguka na kikopo chake cha mafuta chenye mdomo mrefu, akitia tone hapa na tone pale: kwenye mashine ya kutoboa, kwenye msumeno wa umeme, kwenye bawaba za geti. Miaka thelathini na moja alifanya kazi humu, na hakuna mashine iliyowahi kukwama mikononi mwake. Bosi huliona jambo hilo kuwa heshima. Dada Mota hakuwahi kuliona kwa macho, kwa kuwa Jumamosi si siku yake ya kazi. Siku hiyo hufua na kuwasimamia watoto wake; leo ameitwa kwa sababu ya basi tu.

Mzee alikuwa ameondoa kifuniko cha chujio, na mdomo wa kikopo ulikuwa ndani ya pampu.

"Baba!"

"Shh," alisema Mzee bila kugeuka. "Sikiliza."

Sauti ya pampu ililainika. Ililainika kweli, kama mtu aliyepewa maji ya kunywa. Mzee alitabasamu, akafuta mdomo wa kikopo kwa kidole.

"Umeisikia? Ikikauka inalia. Ukiipa matone yake, inatulia."

"Tangu lini?" Sauti yake mwenyewe ilimtisha. "Tangu lini unaitia mafuta?"

"Tangu ije. Ilikuja kavu, mama, haina hata tone. Nikajiuliza, waliotengeneza hii walikuwa na haraka gani? Nikawa naitia mawili. Niliposikia inakusumbua nikaongeza, yakawa matano, wiki iliyopita saba. Si hewa ya mdogo wako hii? Nyingine zote nazitia kwa mazoea, lakini hii naitia kwa moyo."

Dada Mota aling'oa plagi ukutani kwa nguvu kiasi kwamba soketi ilitoka nayo. Mlango wa chumba cha rangi ukafunguliwa kwa kishindo, mpaka rangi akatoka mbio, akaivua kofia, akakohoa. Alikohoa ameinama, mikono magotini, mate yakimning'inia, na hakuna aliyesogea mpaka alipomaliza.

"Kuna nini tena?" aliuliza akitweta. "Shikamoo, Baba."

"Marahaba," alisema Mzee, macho yakiwa kwa binti yake. "Nimekosea nini? Sema."

"Haitiwi mafuta hii, Baba. Vibao vyake vinajilainisha vyenyewe. Mafuta yakiingia yanachanganyika na unga wa kaboni, yanakuwa uji, yanakwamisha kila kitu. Nimewaambia watu wote humu. Nilimwambia mpaka Mlinzi!" Hapo ndipo alipojisikia vibaya kuliko siku zote za wiki nane zile, maana aliona wazi ni nani hakumwambia. Hakumwambia kwa sababu hakuwa mfanyakazi tena. Hakumwambia kwa sababu ndiye aliyemfundisha yeye kushika spana, na nani anamfundisha mwalimu wake?

"Uji huo nimeuelewa," alisema Mzee. "Na yale mafuta mengine? Yasiyobaki humo?"

Mwenyewe alikuwa fundi mashine, na macho yake yalikwenda yenyewe: kutoka kwenye pampu hadi kwenye mdomo wa kutolea hewa, yakaufuata mpira sakafuni, yakapita nao kwenye tundu la ukuta, yakatokea mlangoni, yakaishia kwenye kofia iliyokuwa mkononi mwa mwanawe. Yalibaki hapo.

Bosi alitokea na ndoo. "Inaanza kuvuta kama gundi! Jamani, inaanza kuvuta! Mwacheni afunge kitambaa amalize upande mmoja."

"Naingia," alisema mpaka rangi, akanyoosha mkono kuchukua kitambaa.

"Huingii," alisema Mzee.

"Baba, kazi yangu…"

"Nimesema huingii." Kisha akamgeukia Bosi, ambaye naye alijifunza kazi chini yake, aliyewahi kupigwa kofi naye kwa kuvunja tapu, chuma cha kuchongea nyuzi za skrubu, ndani ya injini. "Hiyo iache igande. Na Jumatatu, huyu nimkute kazini."

"Mzee, basi la watu…"

"Waambie ni mimi."

Bosi alitazama ndoo, akatazama viatu vyake. Aliiweka ndoo chini, akasimama kando yake kama mtu aliyefiwa.

Mzee aliichukua kofia mkononi mwa mwanawe. Aliigeuza, akapapasa kwa ndani mahali mpira unapoingilia, akanusa vidole. Halafu akaivaa. Ilimfunika mpaka mabegani, ikalikunja shati lake safi.

"Washa," alisema. Sauti ilitoka ndani kama ya mtu aliye ndani ya mtungi.

"Baba, acha."

"Washa, mama. Nataka kujua."

Alipaswa kukataa. Baadaye alijilaumu kwa hilo pia. Lakini alikuwa hajawahi kumkatalia katika karakana hii, na mikono yake ilitafuta soketi nyingine kabla ya akili. Pampu ilinguruma, kitambaa cha kofia kikafura. Kupitia kioo aliyaona macho ya baba yake yakifumba. Kifua kilipanda, kikashuka. Mara ya tatu alikohoa, mara ya nne akakohoa zaidi, kikohozi kizito kilekile cha mwanawe ambacho Mzee amekisikiliza kupitia ukuta kila alfajiri.

"Inatosha, Baba," alisema mpaka rangi. Alikuwa amemshika mkono. "Vua. Imetosha."

Mzee hakuvua. "Wewe ulikuwa unakaa nayo muda gani?"

Mpaka rangi alimtazama dada yake, dada yake akatazama chini.

"Gari dogo, saa moja," alisema hatimaye. "Basi, saa tatu."

Mzee alitikisa kichwa ndani ya kofia. Alipapasa nyuma yake kwa mkono, akapata kigoda, akakivuta, akakaa.

Dada Mota alishika swichi, kidole juu yake, bila ubavu wa kuibonyeza. Kwa wiki nane alikuwa ameisihi mashine ile isizime. Sasa aliiomba izime, izime yenyewe, kama ilivyozoea, ili asiwe yeye wa kumvua baba yake adhabu yake. Aliikodolea macho, akaisubiri ikwaruze.

Haikukwaruza. Kwa mafuta yale mapya, ilikuwa inazunguka vizuri kabisa.